Bi Mkubwa Hajafa

9 Januari

Mjukuu wangu mkaidi,

Hivi huko uliko miguu imeota mizizi, au njia ya kuja kwangu imefungwa na mimi tu ndiye sikuambiwa? Mwaka wa pili huu. Hata paka akifukuzwa jikoni hurudi kuchungulia. Wewe unatuma sukari na sabuni kwa dereva wa basi, naye anasimama mlangoni kwangu kama mjumbe wa posa. Nikimuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" anaangalia viatu vyake. Sukari sikuizaa mimi. Nilimzaa mama yako, mama yako akakuzaa wewe, nikakulea tangu hujaota jino. Sukari yako naila, usidhani naisusa, lakini naila kwa hasira.

Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, na la kulia linalisaidia kulalamika. Mama yako anakusalimu, cherehani yake imepata mkanda mpya, sasa inashona bila kupiga kelele, kelele anapiga mwenyewe. Paa la jikoni limezibwa.

Naandika mwenyewe, usitafute wa kumshukuru. Ni mwandiko uleule babu yako alionifundisha juu ya vikaratasi vya majina alivyobandika kwenye betri za wateja, ndiyo maana herufi zangu zote ni kubwa kama zinagombana. Na usiniambie nipige simu. Chumba changu na cha babu yako mdogo vinatumia ukuta mmoja, na masikio ya shemeji yangu hayajui kulala. Karatasi haina sauti.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nahamisha magunia stoo, nikamkuta mke mwenzangu amekaa pembeni, palepale walipomtupa baada ya matanga, amejifunika vumbi. Bi Mkubwa. Umemsahau? Ile betri kubwa ya babu yako iliyowasha karakana nzima umeme ukikatika, mpaka mafundi wa mtaa wote wanakuja kumalizia kazi zao chini ya taa yake. Babu yako aliipa jina hilo kuniudhi mimi. Kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa. Mimi nilipanguswa lini?

Nilipomwona nilikaa juu ya gunia nikakumbuka siku ya msiba. Mume wangu hata hajapoa kaburini, mdogo wake anasimama mbele ya watu na kusema wewe ndiye uliyemuua Bi Mkubwa, kwamba ulimtia tindikali mahali pa maji, na kwamba kaka yake amekufa na donge hilo kifuani. Nilikuwa nimelala chini kwa uchungu, wanawake wamenishika. Nilipopata nguvu ya kusimama, wewe ulishapanda basi, na yeye alishatia kufuli lake kwenye mlango wa karakana ambayo marehemu, kwa kinywa chake, alisema ni yako.

Nimekaa kimya mwaka mzima na kitu. Watu wanadhani nimesahau. Mimi.

Niandikie jinsi ya kumpima. Wewe ndiye uliyefundishwa na babu yako, na nasikia huko unafanya kazi hiyohiyo. Nataka kujua kama yuko hai. Sababu yangu usiniulize.

Bibi yako, ambaye bado yupo ukitaka kujua


2 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima. Nimefurahi paa limezibwa. Mwambie mama nitamtafutia nyuzi, huku ni rahisi.

Kazi inaendelea. Niko kwenye ghala kubwa, natunza betri za magari ya kuinulia mizigo. Betri moja ni nzito kuliko ng'ombe, na ninazo nyingi. Chumba changu kina feni mbili na bomba la maji, nimepewa miwani na glavu na aproni ya mpira. Ningemwonyesha babu. Angecheka hiyo aproni.

Kuhusu ile betri, bibi, nakuomba uitupe. Betri ya risasi ikikaa bila chaji muda mrefu namna hiyo, mabamba yake ya ndani hushika chumvi nyeupe, ikawa ngumu kama koga la birika. Mara nyingi haiamki tena. Muuzie mwokota vyuma, risasi ina bei.

Na mambo ya siku ile tuyaache. Yaliyopita si ndwele. Nitakuja, nikipata likizo.

Mjukuu wako


11 Februari

Wewe,

Umejaza karatasi pande mbili hujajibu swali moja. Nimekuuliza betri, umenieleza aproni.

Mama yako anashukuru kwa nyuzi ambazo hajaziona.

Yaliyopita si ndwele kwa aliyepitisha. Aliyepitiwa juu anajua alipo na kidonda. Na hilo neno "likizo" nimelisikia Pasaka, nimelisikia Idi, nimelisikia kwenye harusi ya binti wa jirani. Hiyo likizo ina mimba ya tembo.

Mwokota vyuma unayenitajia alishakuja. Si mara moja. Nikamuuliza, "Nani kakwambia nina betri stoo?" Akaniambia, "Mzee wa karakana." Shemeji yangu, ambaye kwa ukuta wetu mmoja hajanibishia hodi tangu matanga, ana uchungu gani na stoo yangu? Mtu haharakishi kuzika maiti asiyemwogopa.

Ndiyo maana nakuuliza. Na kama hutaki kunifundisha, nitamfungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, nitie ninachokiona kinafaa. Nikiungua uje kunizika. Angalau utakuwa umekuja.

Bibi


5 Machi

Bibi,

Shikamoo tena, na unisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu ghala lilikuwa na kazi ya kuhesabu mizigo. Nyuzi za mama ziko ndani ya kifurushi, chini kabisa.

Umenitisha na hicho kisu, nawe ulijua utanitisha. Basi fuata maneno yangu neno kwa neno.

Kwenye kifurushi utakuta chaja ndogo, glavu, miwani, mita, na kile kipimo cha kioo chenye mpira wa kufinya kichwani. Ndani ya kioo kuna kijiti kinachoelea. Nitakueleza.

Kwanza, itoe betri nje ya stoo, iwe mahali pa hewa. Usiichajie jikoni hata siku moja. Ikichajiwa inatoa gesi, gesi hiyo ikiona moto inalipuka na tindikali inakurukia usoni. Itazame pande zote. Kama ganda limepasuka au limevimba, basi, tumemaliza, usiendelee. Kama ni zima, osha juu kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, vizibo vikiwa vimefungwa, yasiingie ndani. Vichwa viwili vya risasi visugue mpaka ving'ae.

Kisha vaa miwani. Fungua vizibo sita. Tazama ndani kwa tochi, siyo kiberiti, bibi, tafadhali. Ukiona mabamba yamechomoza juu ya maji, ongeza maji ya betri mpaka yafunikwe tu. Usijaze. Yakichajiwa yanapanda yenyewe.

Pima kwa mita. Betri nzima inasoma volti kumi na mbili na ushee. Yako itasoma chini, usishtuke. Ila ikisoma sifuri kabisa, niandikie kwanza.

Funga chaja, kibano chekundu kwa kichwa cha jumlisha, cheusi kwa cha kutoa, ndipo uwashe umeme. Iache polepole. Chumvi ile haiondoki kwa haraka, inabembelezwa. Ukiligusa ganda ukaona lina joto kama paji la mtoto mwenye homa, zima, lipoe, washa tena. Inaweza kuchukua siku nyingi.

Maji ya ndani ya betri yakikumwagikia, osha kwa maji mengi kisha mwaga magadi.

Hiyo inatosha. Ikiwaka taa, umejua iko hai. Kile kipimo cha kioo si lazima ukitumie.

Mjukuu wako


29 Machi

Mke mwenza mdogo,

Mama yako anakusalimu, nyuzi kazipokea, ila umechagua rangi kama mtu aliyefumba macho. Kuku wangu mmoja ameibwa. Namshuku mtu, sitamwandika, ukuta ni mmoja.

Kifurushi kilikaa kituo cha basi mpaka nikakifuata kwa fimbo. Kijana wa mizigo ananiambia, "Bibi, hii imeandikwa vifaa vya ufundi, fundi yuko wapi?" Nikamwambia, "Unamtazama." Akanipa.

Sasa nianze kukugomba. Umeandika, "ongeza maji ya betri." Maji ya betri yapi? Neno hilihili ndilo lililokufukuza nyumbani, na bado unaliandika kwa mkono wako. Katika karakana ya babu yako maji ya betri ni maji matamu, yale yaliyochemshwa yakakamatwa mvuke, hayana chumvi wala kitu. Tindikali tuliita makali, basi. Lakini mtaani kote ukisema maji ya betri, mtu anaelewa makali. Siku ile ya msiba shemeji alikuuliza mbele ya watu, "Ulitia nini?" nawe mtoto wa watu ukajibu, "Nilitia maji ya betri." Ukasema kweli kwa lugha ya nyumbani, wakakuhukumu kwa lugha ya barabarani. Nililisikia nikiwa chini pale, nikataka kupaza sauti, sauti haikutoka. Wewe uliona wanaguna hukujua wanaguna nini.

Nilitia matamu. Nilionja kidogo kwa ncha ya ulimi kabla ya kutia, usinune, niliyanunua dukani na muuza duka simwamini.

Sasa habari ya mgonjwa. Ganda zima. Nilimwogesha kwa magadi, vichwa nikavisugua kwa msasa mpaka nikajiona uso, nikajuta. Ndani mabamba yalikuwa yamechomoza kidogo, yana weupe kama miguu ya mtu asiyejipaka mafuta. Mita ilisoma nane na kitu. Nikamfunga chaja barazani nyuma, nikakaa naye. Mara ya kwanza chaja ilikuwa haimtambui, inawaka taa nyekundu inazima, inawaka inazima, kama mtu anayekataa chakula. Niliendelea kuzima na kuwasha. Jioni akakubali.

Amekuwa akilishwa mchana, usiku namzima, maana silali na kitu kinachotoa gesi. Alipata joto mara mbili, nikampumzisha. Tangu juzi ukisogeza sikio unasikia anachemka taratibu ndani, chi chi chi, kama sufuria ya maharage. Nimefunga taa ya gari niliyoazima kwa dereva wa lori la mchanga. Imewaka tangu saa nne asubuhi mpaka adhana ya alasiri bila kufifia.

Yuko hai, mwanangu. Mke mwenzangu hajafa.

Na bado sijaridhika. Kwa nini umesema kipimo cha kioo si lazima? Ulikituma wewe mwenyewe. Kile kioo babu yako alikuwa hasemi neno juu ya betri bila kukitia. Kijiti kikizama kwenye nyekundu, ina njaa. Kikielea kwenye kijani, imeshiba. Na kikiruka juu ya kijani kikatoa shingo nje, babu yako alikuwa anasema, "Hii kalishwa makali." Nayakumbuka hayo vizuri. Mimi sikusoma, lakini sikuwa kiziwi.

Niambie, unaogopa kijiti?

Bibi


14 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Natumai hujaonja tena kitu chochote kwa ulimi.

Usikitie kile kioo. Nakuomba kama mtoto wako.

Umenibana, basi nitasema. Siku zile babu anaumwa nilikuwa nalala hospitalini na kushinda karakana. Nilimwongezea Bi Mkubwa maji siku moja nikiwa sijalala. Madumu mawili yalikuwa yamekaa pamoja chini ya meza, yote meupe. Nakumbuka nikimimina. Sikumbuki kama nilinusa. Kila mara nilikuwa nanusa, bibi, babu alinifundisha, lakini siku ile sikumbuki. Na baada ya hapo betri ikafa, na babu akafa.

Kwa hiyo babu mdogo aliposema mbele ya watu, mimi sikukimbia kwa sababu amenisingizia. Nilikimbia kwa sababu nilidhani ni kweli.

Sasa betri ikiwa imejaa chaji, kijiti hakidanganyi. Kama nilitia makali, kitaonyesha makali. Wewe ndiye peke yako uliyewahi kuniamini bila kupima. Usipime.

Mimi


16 Mei

Mjukuu wangu, damu yangu,

Mama yako mzima, mimi mzima, kuku aliyeibwa amerudi mwenyewe, kumbe alikuwa anaatamia kwenye majani ya nyuma. Niliyemshuku simwombi radhi, ana mengine.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshapima, tena vizibo vyote sita. Ungeandika mapema ningepima vilevile. Mtoto anayeamini kwamba ameua, unamwacha aamini? Huo si upendo, ni uvivu.

Kaa chini kama umesimama.

Vizibo vitano, kijiti kimeelea kwenye kijani. Ndani ya kijani, siyo juu yake. Cha nne kimebaki kwenye nyeupe, katikati ya nyekundu na kijani, kimechoka, nikakilisha tena siku kadhaa kikasogea, kikagusa mlango wa kijani kikakaa. Hakuna hata kimoja kilichotoa shingo. Hukutia makali. Mkono wako ulinusa hata kama kichwa chako kilikuwa kimelala.

Nililia kidogo. Halafu nikafuta uso nikaanza kufikiri jinsi ya kumchinja shemeji yangu bila kisu.

Ningeweza kwenda kumwambia. Angeniambia, "Shemeji, wewe unajua nini habari za betri?" Na watu wangemsadiki, maana mimi ni bibi wa jikoni na yeye ni mzee wa karakana. Nikaona bora aseme yeye. Ushahidi mtamu ni ule adui anaoupika mwenyewe.

Nikamwendea seremala, akanitengenezea sanduku la mbao kama yale ya betri za malori. Bi Mkubwa akaingia, ubavu wenye jina lake ukatazama mbao. Vizibo vyake vyekundu ambavyo shemeji anavijua nikavitoa, nikaweka vyeusi. Nikamwita dereva wa lori la mchanga, yule aliyeniazima taa. Nikamwambia, "Ipeleke karakana. Sema umeuziwa, unataka kujua kama iliwahi kutiwa makali. Usiongeze neno." Yule dereva ni mtu wa maneno mengi, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote niliyompa.

Nilichagua Jumatatu asubuhi, mafundi wote wa mtaa wanapokuja pale kuchukua betri zao. Nikakaa ng'ambo ya barabara kwenye baraza la mama yako, naangalia kitambaa kama mteja.

Shemeji akatoka, kavaa lile koti la marehemu. Ndiyo, analivaa. Akafungua vizibo, akatia kioo chake, si changu. Mafundi wamemzunguka. Alipomaliza cha sita akanyooka, unajua anavyopenda kusikilizwa, akasema kwa sauti, "Betri hii ni ya zamani, cha nne kimechoka kwa uzee. Lakini makali? Haijatiwa tangu itoke kiwandani. Aliyekuwa anaitunza alijua kazi. Siku hizi hamna watu wa kutunza betri namna hii."

Nikavuka barabara. Goti halikuniuma hata kidogo.

Nikamwambia, "Rudia, shemeji. Masikio yangu ya kizee."

Akacheka, akarudia. Kwa raha kabisa, na mkono juu ya sanduku.

"Aliyeitunza alijua kazi?"

"Alijua, shemeji. Haki yake tumpe."

Nikamwambia dereva, "Toa ubao." Ubao ulifungwa kwa misumari miwili tu. Akaung'oa. Jina likatokea kwa rangi nyeupe, mwandiko wa mume wangu: BI MKUBWA.

Fundi wa redio, yule mnene, alisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Shemeji akaangalia jina, akaangalia kioo alichokishika, tone likadondoka kwenye koti.

Nikamwambia, "Mwaka juzi ulisimama hapa ukasema mjukuu wangu kaiua."

Akasema, "Shemeji, mtoto alisema mwenyewe. Alisema kwa kinywa chake, nilitia maji ya betri. Hawa wote walimsikia."

Nikamwambia, "Hawa walisikia neno la barabarani. Wewe umefanya kazi ndani ya mlango huu tangu hujaoa. Humu ndani maji ya betri ni yapi?"

Akaanza kulifuta lile tone kwenye koti.

"Sema. Waambie wenzako humu ndani maji ya betri ni yapi."

Fundi wa redio ndiye aliyejibu, polepole. "Ni matamu. Marehemu alikuwa anatugombeza tukichanganya."

"Basi Bi Mkubwa alikufa kwa nini siku ile?" akauliza mwingine.

Nikasema, "Kwa njaa. Muda wote marehemu amelala hospitalini taa za karakana zilikuwa zinawaka usiku kucha kwa Bi Mkubwa, na hakuna aliyemfunga chaja. Mjukuu wangu akilala hospitalini, ufunguo alikuwa nao nani?"

Hapo shemeji akasema neno ambalo nimeliweka kama dhahabu. Akasema, "Shemeji, hayo yamepita."

Nikamwambia, "Yamepita wapi? Mimi nakaa hapa mlangoni siku zote, sikuyaona yakipita."

Mafundi wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kila mtu na betri yake kifuani, hata zile ambazo hazijajaa. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana.

Bi Mkubwa nimerudi naye. Yuko barazani mbele, watu wanapita wanamsalimu.

Bibi yako


3 Juni

Bibi,

Shikamoo. Mama asalimiwe.

Nimesoma barua yako chumba cha betri, nikavua glavu nikakaa sakafuni. Wenzangu walidhani nimevuta gesi. Nikaisoma tena nyumbani. Nimelala usiku ule mpaka asubuhi, kitu ambacho sijakifanya tangu nilipofika huku.

Sasa nakwambia kitu usinikasirikie. Nilipofika mahali tone linadondoka kwenye koti lake, nilimhurumia. Ni mzee. Hana mtoto. Labda inatosha, bibi. Umeshinda.

Nimeomba likizo, ya kweli. Imeandikwa. Nafika mwisho wa mwezi.

Mjukuu wako


12 Juni

Mjukuu wangu,

Mama yako ameanza kupika kabla hujapanda basi. Nimemwambia atulie. Goti limerudi kuuma.

Huruma yako nimeisoma. Iweke mfuko wa nyuma, tutaitafuta baadaye. Yeye alikuwa mzee vilevile siku aliyokusimamisha juani na macho mekundu, na hakuna aliyekuhurumia wewe.

Alituma watu. Walikuja watatu, wazee wa heshima, wamekaa barazani kwangu karibu na Bi Mkubwa, wanakohoa. Wameleta ufunguo wa karakana ndani ya bahasha. Wanasema shemeji anaumwa presha, yamemfika, anaomba yaishe kimyakimya, kifamilia. Nikawapa chai. Nikawaambia, "Aliyaanza kimyakimya?" Nikawarudishia bahasha yao na mkate wa kula njiani.

Ufunguo siutaki mimi. Mimi sikufukuzwa. Na hautapita mkono wa mtu wa tatu, wala hautaingia chumbani kwangu kwa bahasha kama rushwa. Uongo wake aliusema wima, mchana, mbele ya mlango ule, na watu wakiwa wamejaa. Kweli nayo ina miguu, isimame palepale.

Mafundi nimewaambia siku unayofika. Wamesema watakuwepo. Fundi wa redio ameniuliza kama alete viti, nikamwambia hakuna atakayekaa.

Basi nisikilize. Ukishuka kituoni usikate kwa uchochoro wa nyuma kujificha. Pita barabara kubwa, katikati, na ujitande ile kanga aliyokununulia babu yako. Simama mbele ya karakana. Shikamoo yake mnyime, kwanza aseme kwa sauti ileile aliyoitumia siku ile kwamba hukuiua, na kwamba yeye alijua. Akijikwaa, aanze upya. Akimaliza, pokea ufunguo kwa mkono wa kulia, mwamkie kwa adabu kama mtoto aliyelelewa na mimi, halafu umuulize vitu vyake vya humo ndani tumpelekee wapi.